Cadillac: Mgema aliposifiwa, tembo likatiwa maji

JULAI 2015, Barack Obama alipotua Nairobi katika ziara yake ya kwanza nchini Kenya akiwa Rais wa Marekani, gumzo la jiji halikuwa juu yake peke yake. Watu walilizungumzia pia gari lake: jeusi, zito kama lori, lenye vioo visivyopenya risasi, ambalo Wamarekani wamelibatiza jina la Mnyama.

Mbele ya gari hilo palikuwa na nembo ya Cadillac. Kwa mtazamaji wa kando ya barabara, hapakuwa na shaka kwamba hiyo ndiyo nembo ya juu kabisa katika nchi yenye nguvu kuliko zote duniani. Lakini ukweli wa sokoni ni mwingine. Kwa zaidi ya miaka 40 sasa, Cadillac imekuwa ikihangaika kuwashawishi matajiri wa Marekani kwenyewe kwamba bado inastahili fedha zao.

Ilikuwaje jina lililokuwa na maana ya ubora likafikia hatua ya kubembeleza wanunuzi? Wahenga walikwisha kujibu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kampuni hiyo ilizaliwa mwaka 1902 mjini Detroit, tena kwa bahati. Wenye mitaji waliokuwa wamemfadhili Henry Ford walitofautiana naye, naye akaondoka. Wakaamua kuuza mitambo iliyobaki, wakamwita fundi mashuhuri wa mashine, Henry Leland, awafanyie tathmini ya mali. Leland aliwashauri wasiuze, bali waendelee kutengeneza magari kwa kutumia injini aliyokuwa nayo yeye. Wakakubali, na kampuni ikapewa jina la Antoine de la Mothe Cadillac, Mfaransa aliyeanzisha mji wa Detroit mwaka 1701.

Leland alikuwa amefanya kazi katika viwanda vya silaha na vya zana za vipimo, mahali ambapo kosa la unene wa unywele halivumiliwi. Tabia hiyo aliihamishia kwenye magari. Zama hizo mafundi walilazimika kupiga tupa kila kipuri hadi kiingie mahali pake, hivyo kipuri cha gari moja hakikufaa kwenye jingine. Mwaka 1908, katika uwanja wa Brooklands nchini Uingereza, magari matatu ya Cadillac yalifunguliwa yote, vipuri vikachanganywa, kisha magari matatu yakaundwa upya kutokana na rundo hilo. Yaliwaka, yakaendeshwa maili 500, sawa na kilomita 800.

Kwa jaribio hilo Cadillac ilitunukiwa Kombe la Dewar na chama cha magari cha Uingereza. Ikaanza kujitangaza kuwa ndiyo kipimo cha dunia nzima. Haikuwa majigambo matupu. Mwaka 1909 ilinunuliwa na General Motors, na magari yake ya mwaka 1912 yakaja na starta ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering, iliyowaondolea madereva adha ya kuzungusha hendeli iliyokuwa ikiwavunja mikono. Miaka mitatu baadaye ikafuata injini ya silinda nane. Leland mwenyewe aliondoka mwaka 1917 na kuanzisha Lincoln, ambayo ilinunuliwa na Ford mwaka 1922 na imebaki kuwa mpinzani wa Cadillac hadi leo.

Jambo moja la miaka hiyo linafaa kukumbukwa. General Motors ilipotaka gari la bei ya chini kidogo ya Cadillac, haikuthubutu kuliita Cadillac. Mwaka 1927 ililipa jina jingine, LaSalle, na jina hilo lilitumika hadi 1940. Wakuu wa wakati ule walielewa kwamba jina kubwa ni kama amana. Anayelikopesha hovyo hurudishiwa likiwa limechakaa.

Packard, iliyokuwa ikiheshimika kuliko Cadillac wakati huo, haikufanya hivyo. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipoibana, mwaka 1935 ilianza kuuza gari la bei nafuu kwa jina lake lile lile. Njaa ilitulia, lakini tofauti kati ya mwenye Packard na asiye nayo ilianza kufifia. Mwaka 1954 iliungana na Studebaker, na baada ya 1958 hakukuwa tena na gari lililoitwa Packard.

Cadillac nayo ilinusurika kufutwa katika mdororo huo huo. Kwa mujibu wa Peter Drucker, mwanazuoni wa uongozi wa makampuni aliyeichunguza General Motors katika miaka ya 1940, mwokozi wake alikuwa meneja aliyeitwa Nicholas Dreystadt. Sera ya kampuni ilikuwa kutowauzia watu weusi. Hata hivyo, Dreystadt aligundua kwamba miongoni mwa walioleta magari karakanani walikuwamo weusi wengi: mabondia, waimbaji, madaktari. Waliyapata kwa kumlipa mzungu mamia ya dola ili anunue kwa niaba yao.

Kwa mtu mweusi aliyefanikiwa, lakini akafungiwa mlango wa nyumba katika mitaa mizuri, gari lilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo fedha yake ingeweza kumpatia hadharani. Dreystadt aliwaambia wakubwa wake kwamba fedha wanayopewa madalali hao ingeweza kuingia katika kampuni. Wakamsikiliza, mauzo yakapanda, na Cadillac ikaokolewa na wateja wale wale iliowafukuza mlangoni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, nyota yake ilifika utosini. Mwaka 1948 magari yake yalitokea na mapezi nyuma, wazo lililotokana na ndege ya kivita ya P-38, na kufikia 1959 mapezi hayo yalikuwa marefu kiasi cha kuchekesha. Hakuna aliyejali. Elvis Presley alikuwa nayo, na marais walipanda. Katika Kiingereza cha Marekani, kukiita kitu Cadillac ya aina yake kukawa na maana kwamba hakuna kilicho bora zaidi. Mwaka 1978 Wamarekani walinunua Cadillac zaidi ya 350,000.

Hapo ndipo mgema alipoanza kusikia sifa zake mwenyewe.

Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu mwaka 1973, na serikali ilikuwa imeweka sheria za kupunguza ulaji wa mafuta. Magari madogo ya Ujerumani yalikuwa yameanza kuwavutia vijana wenye fedha. General Motors ilitaka majibu ya haraka. Mwaka 1981 Cadillac ilitoa injini iliyoweza kuzima baadhi ya silinda ili kubana mafuta. Wazo lilikuwa zuri, na leo linatumika katika magari mengi, ila kompyuta za wakati huo hazikuliweza. Magari yalishtuka na kukwama, na injini hiyo ikaachwa mapema katika aina nyingi.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa Cimarron. Gari hilo la mwaka 1982 lilikuwa ndugu wa Chevrolet Cavalier, gari la mwananchi wa kawaida, likiwa na injini ndogo ya silinda nne. Liliongezewa viti vya ngozi, nembo ya Cadillac na bei ya takriban dola 12,000. Mnunuzi hakuhitaji kuwa fundi ili aone sura ya Cavalier chini ya mapambo. Kile ambacho LaSalle iliundwa ili kukizuia, sasa kilifanywa mchana kweupe. Cimarron iliondolewa mwaka 1988, lakini wakati huo tajiri kijana alikuwa amekwisha kuelekea BMW na Mercedes-Benz, na mwaka 1989 Toyota ikamletea Lexus.

Gharama ya makosa hayo haikulipwa na walioyafanya peke yao. Mwaka 1981, ili kuipatia General Motors eneo la kiwanda kipya, mamlaka za Detroit na Hamtramck zilibomoa mtaa wa Poletown, makazi ya watu wapatao 4,000, pamoja na makanisa yake. Wakazi walikwenda mahakamani wakashindwa. Waliambiwa kwamba ajira 6,000 zingekuja. Kiwanda kilifunguliwa mwaka 1985 na kuanza kuunda Cadillac. Mwaka 1987 viwanda vyake vya zamani vya Clark Street na Fleetwood, katika mji huo huo, vikafungwa. Mahakama Kuu ya Michigan ilitengua msimamo wa hukumu ya Poletown mwaka 2004, wakati nyumba zilikuwa zimegeuka vumbi miaka 23 kabla.

Majaribio ya kurudisha heshima yalikuwa ya gharama. Kwa gari la Allanté, lililouzwa kuanzia 1987 hadi 1993, bodi ziliundwa Italia na kusafirishwa kwa ndege za Boeing 747 hadi Detroit. Halikuwaondoa wanunuzi kwa Wajerumani. Aibu ilikamilika katika mauzo ya mwaka 1998. Cadillac ilitangaza kuishinda Lincoln kwa magari 222, lakini Mei 1999 ilikiri kwamba hesabu ilikuwa imeongezwa chumvi. Lincoln ndiyo iliyokuwa imeshinda.

Wakati huo huo, wokovu ulikuja kwa njia ambayo Dreystadt angeitambua. Escalade, iliyoundwa haraka kutokana na gari la GMC ili kuijibu Lincoln Navigator, ilipendwa na wanamuziki wa rap na wachezaji wa mpira wa kikapu, wengi wao wakiwa weusi. Wao ndio waliolirudisha jina hilo vinywani mwa vijana. Kwa mara ya pili katika historia yake, Cadillac iliinuliwa na watu ambao haikuwa imewalenga.

General Motors ilipofilisika Juni 2009 na kuokolewa na serikali kwa takriban dola bilioni 50, Pontiac, Saturn na Hummer zilitoswa. Cadillac ilibaki miongoni mwa nembo nne za Marekani. Ilihamishia makao makuu New York, ikidhani kwamba hewa ya huko ingewaleta matajiri, kisha ikarudi Michigan baada ya miaka michache. China ilipokea kilichokataliwa nyumbani: mwaka 2017 mauzo yake huko yaliyapita ya Marekani, yaliyokuwa kama 156,000 tu. Ushindani wa makampuni ya Kichina umelifanya soko hilo kuwa gumu tena.

Karata ya sasa ni umeme. Gari la Lyriq lilianza kuuzwa mwaka 2022, na lile la Celestiq, linaloundwa kwa mkono, bei yake inapita dola 300,000. Lakini lengo la kuwa nembo ya umeme mtupu ifikapo mwaka 2030 lililegezwa mwaka 2024, na Septemba 2025 nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa wanunuzi wa magari ya umeme ikafutwa. Mwezi uliofuata General Motors ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 1,200 katika kiwanda chake cha magari ya umeme kinachounda Escalade ya umeme. Kiwanda hicho ndicho kile kile kilichojengwa juu ya magofu ya Poletown.

Machi 2025 Cadillac ilikubaliwa kuingia katika mbio za Formula 1 kuanzia msimu wa 2026, ili kupambana na Mercedes na Ferrari mbele ya macho ya dunia. Mbio zinaweza kuleta umaarufu, lakini umaarufu haujawahi kuwa tatizo la Cadillac. Hata waliomwona Mnyama akipita Nairobi walilijua jina hilo.

Kilichopungua ni imani, na hiyo haikujengwa kwa matangazo. Ilijengwa Brooklands, mbele ya rundo la vipuri vilivyochanganywa, ambapo kila kimoja kililazimika kukaa mahali pake bila kupigwa tupa. Cimarron ilihitaji miaka saba tu kuibomoa. Kuijenga upya kumekwisha kuchukua zaidi ya miaka 35, na kila mahesabu yanapokwenda kombo, wa kwanza kurudishwa nyumbani ni mfanyakazi wa Detroit ambaye hakulitia tembo tone la maji.