Chupa moja, ladha tatu: wauza sake wa Japani wanatushinda hapa

Wafanyabiashara wenzangu, leo twende Japani kidogo. Kama hutumii pombe usiondoke, maana ninachoongelea hapa ni namna ya kuuza.

Sake ni pombe ya mchele, kilevi chake kama asilimia 15 au 16. Nenda kwenye izakaya, vile vibaa vidogo vya mtaani vinavyouza kinywaji pamoja na sahani ndogondogo za chakula. Mwenye duka anafungua chupa moja ya lita 1.8, na kutoka chupa hiyohiyo anaweza kukuuzia ya baridi, ya kawaida au ya moto. Tena kila joto lina jina lake! Nyuzi 5 ni yukibie, baridi ya theluji. Nyuzi 10 ni hanabie, baridi ya maua. Nyuzi 35 ni hitohadakan, joto la ngozi ya mtu. Nyuzi 50 ni atsukan, hiyo ni moto kwelikweli. (Joto lao la kawaida ni kama nyuzi 20 tu. Chupa ikikaa kaunta ya Dar es Salaam mwezi wa pili inafika 30, na hiyo nayo ina jina: hinatakan, joto la juani. Bila kuwasha jiko!)

Sasa kuna watu wanasema sake ya kupashwa ni sake mbovu, eti moto ni wa kuficha ladha mbaya. Mimi nakataa. Chukua junmai, ile isiyoongezwa spiriti. Nyingi ukizipasha hadi nyuzi 40 au 45, ladha ya mchele inafunguka na ukali unalainika. Iweke mezani na oden, yaani figili nyeupe, mayai na samaki wa kusaga vilivyochemshwa kwenye mchuzi. Au na samaki wa mafuta aliyechomwa kwa chumvi. Vinaenda pamoja kabisa.

Ginjo ni kinyume. Mchele wake umekobolewa hadi punje ibaki asilimia 60 au chini ya hapo, na inanukia matunda, kama tufaha au ndizi. Ukiipasha sana harufu inaruka, unabaki na kilevi kinachopanda puani. Iuze ya baridi, nyuzi 10 hadi 15, na sashimi ya samaki mweupe.

Pesa iko hapo. Muuzaji asiyejua anampa mtu ginjo ya moto, mteja anakunja uso, anaondoka akisema sake ni mbaya. Bidhaa haina kosa lolote. Na chupa ikishafunguliwa ladha inaanza kubadilika, kwa hiyo ukifungua aina kumi ili uonekane una mzigo, mtaji wako unaharibika kaunta. Bora aina tatu unazozijua vizuri.

Watengenezaji wengi huandika nyuma ya chupa joto wanalopendekeza. Soma, halafu onja mwenyewe: kikombe cha baridi, cha kawaida, na kilichopashwa kwenye chupa ndogo ya udongo iliyotumbukizwa ndani ya maji ya moto. Kila kikombe onja na chakula unachouza, na uandike. Siku mteja akiuliza "nichukue ipi?", usimjibu "zote nzuri". Muulize anakula nini.