Kariakoo Haitaki Tanzia

Kuna utungo mmoja ambao washairi wetu hawachoki kuutunga upya. Vina hubadilika, mizani hutimia, lakini maudhui ni yale yale: Kariakoo ya zamani imekufa. Beti za mwanzo hutaja nyumba za Kiswahili, wazee wakicheza bao barazani, taarabu ikisikika usiku. Beti za kati hulaani maghorofa na wamachinga. Ubeti wa tamati humwomba Mola atupe subira. Nimesahihisha karatasi za fasihi kwa miaka mingi, na jibu lililokaririwa nalitambua kabla sijafika mstari wa tatu.

Tanzia ni utungo wenye heshima yake, ila una sharti: marehemu awe amekufa kweli. Aliye hai akililiwa msiba, wanaomtesa hustarehe, kwa kuwa hakuna aulizwaye habari za maiti isipokuwa mchimba kaburi.

Nianze na lugha, maana ndiyo hoja wanayoipenda zaidi. Husema Kiswahili cha Kariakoo kimeharibika. Jina la mahali penyewe limetoka wapi? Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kilichopita katika vinywa vya wenyeji kikatoka Kariakoo, na hakuna malenga aliyewahi kuikataa kafiya yake. Basi iweje winga awe mharibifu? Winga ni kijana asiye na duka. Humpokea mteja njiani, humpeleka kwenye duka la mwingine, na katika bei hupachika chake, kiitwacho cha juu. Neno kalitoa kwenye kandanda, akalivika ngeli na wingi: winga, mawinga. Asiyekuwa na mlango hucheza pembeni mwa uwanja. Sitiari hiyo ingeletwa na mwanafunzi wangu ningempa alama zote.

Au chukueni kilemba. Mpangaji anayeingia kwenye fremu humlipa anayetoka fedha nyingi, mbali na kodi ya mwenye nyumba. Hiyo ndiyo kilemba. Kwa wazee wetu kilemba kilikuwa zawadi ya heshima, apewayo mzee wa bibi harusi, au fundi aliyemhitimisha mwanagenzi wake. Namna heshima ilivyogeuka kuwa bei ya mlango ni shairi zima lililolala ndani ya neno moja. Sijaliona likitungwa.

Na hiyo Kariakoo ya zamani inayoliliwa, je, ilikuwa bustani ya utulivu? Ulikuwa mtaa wa Waafrika uliopimwa kwa mistari iliyonyooka tangu enzi za Wajerumani, ng'ambo ya pili ya Mnazi Mmoja, mbali na makazi ya wakubwa. Pembeni mwake, mahali ambapo leo ni Mtaa wa Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mmoja wa waasisi wake alikuwa mshairi, Saadan Abdu Kandoro. Mwaka huo huo Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Baadaye akawa Meya wa Dar es Salaam. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kabla ya kuwa mwanasiasa, na kupitia vikundi kama hivyo ndipo chama kilipowapata wanawake wake. Kwa watu hawa sanaa ilikuwa kazi miongoni mwa kazi za mji. Wao wanaowaiga kwa vina na mizani wameiacha ile sehemu iliyokuwa na hatari.

Maana mambo hayajakoma kutendeka. Soko kuu alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lile lenye mapaa kama miavuli iliyogeuzwa yanayokinga maji ya mvua, liliungua Julai 2021. Miezi michache baadaye wamachinga waliondolewa barabarani. Mei 2023, na tena Juni 2024, wafanyabiashara walifunga maduka wakilalamikia kodi na kile walichokiita kamatakamata. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka asubuhi, likaua watu zaidi ya 20. Washairi tulileta rambirambi, tukataja kudura. Kudura naiamini. Lakini kibali cha ujenzi hakiandikwi na kudura. Kina mwombaji, kina mkaguzi, kina mhuri. Shairi lisilouliza habari za mhuri limeghani nusu ya msiba.

Nikiri kilichopotea, maana kipo. Baraza lilikuwa kiti kisicho na kodi. Mgeni aliketi bila kununua kitu, akasikiliza, akajibu. Na majibizano ya mashairi yanataka watu wasio na haraka ya kuondoka. Mbele ya fremu huwezi kuketi: unazuia wateja. Lakini aliyelivunja baraza si mmachinga. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, kiwanja kikawa na thamani kuliko nyumba iliyokuwa juu yake. Mwenye kiwanja akatoa ardhi, mwenye fedha akajenga, wakagawana ghorofa. Mara nyingi waliotia saini ni watoto wa wazee wale wale wa bao, na siwalaumu: nyumba moja ya urithi yenye warithi wanane haigawanyiki kwa vyumba. Hapo pana ndugu waliohitilafiana, shangazi aliyedhulumiwa fungu lake, mpangaji wa miaka 30 aliyepewa mwezi mmoja. Mambo haya mbona hayamo katika tarbia zenu za majonzi?

Na anayedai kwamba ushairi umehama, aende Mtaa wa Uhuru penye maduka ya kanga, asimame kando ya akina mama wanaochagua. Watayasoma maandishi kabla ya kuuliza bei, watacheka, mmoja atasema hii inamfaa jirani yangu, mwingine ataitoa doti rafuni na kuirudisha kwa sababu ya neno moja tu. Wahakiki wakali kuliko hao sijawapata katika ukumbi wowote.

Mimi nasubiri shairi la kilemba. Winga akilitunga, hata kina cha kati kikimponyoka, nitalisoma mara mbili.