Tupige picha hata pale maji yalipochafuka

Wapiga picha wa chini ya maji wanaofika Ziwa Tanganyika huenda Kigoma au Zambia, kwenye maji maangavu. Rumonge, kwenye mwambao wa Burundi, wanaipita tu. Wakikuta maji yana rangi ya chai ya maziwa karibu na mdomo wa mto Dama au Murembwe, kamera haitoki begini. Mimi nazamia hapa hapa, na nasema hapa ndipo kamera inapohitajika kuliko kwingine.

Matope yanaudhi, sikatai. Flashi ikikaa juu ya kamera, mwanga wake unagonga chembe za udongo kabla ya kumfikia samaki, na picha nzima inajaa vidoa vyeupe. Dawa ni kuzitoa taa pembeni ili mwanga uje kwa mshazari, kisha kumsogelea samaki mpaka kati yenu ibaki shubiri moja au mbili. Lenzi ya kuvuta mbali haifai kitu, kwa sababu inayapiga pia matope yote yaliyo katikati. Nako kusogea kunataka utulivu: pigo moja baya la mguu juu ya mchanga, basi, huoni tena hata mkono wako.

Kwa kulazimika kusogea, unaona mambo ambayo mpiga picha wa maji safi huenda akayapita. Kwenye miamba ya Magara, kaskazini ya Rumonge, wanaishi samaki wadogo wenye mikia kama uzi, Neolamprologus brichardi. Wamepewa jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura. Wafugaji wa Ulaya wanawajua kwa sifa ya uzuri. Mimi navutiwa na kazi yao: kaka na dada waliotangulia hubaki nyumbani kuwalinda wadogo zao. Michael Taborsky na Dominique Limberger waliandika habari za wasaidizi hao mwaka 1981. Ukiwa karibu unamwona mmoja akijaza mdomo mchanga ulioziba ufa wa mwamba, anaogelea pembeni, anautema, anarudi. Mvua ikinyesha milimani, kazi hiyo inaanza upya.

Udongo huo haukuzaliwa ziwani. Unatoka kwenye milima iliyolimwa hadi kileleni, na mito inauleta. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba sehemu za ziwa hili zilizofunikwa na udongo mwingi zina aina chache za viumbe. Na hata samaki anayebaki hayuko salama: mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake waligundua kwamba katika Ziwa Victoria, maji yakipoteza uangavu, samaki wanaochagua wenza kwa rangi hushindwa kutofautishana, na aina zinachanganyika.

Ndiyo maana siwaelewi wanaozifuta picha zenye vumbi la maji, au wanaozisafisha kwa kompyuta mpaka Rumonge ifanane na mahali pengine. Picha ya mwamba uleule, ikipigwa kabla ya mvua na baada yake, ikaandikwa tarehe na mahali, ni ushahidi ambao mkulima wa mlimani na mvuvi wa ndagala wote wawili wanaweza kuusoma bila kufundishwa. Tena picha huonyesha yasiyoonekana kutoka ufukweni: watu wengi wa hapa wanamjua samaki aitwaye kuhe akiwa sahanini tu. Hawajawahi kuwaona kuhe baba na mama wakilinda vifaranga vyao juu ya mchanga.

Basi nawaomba wanaozamia mwambao huu, kutoka Kabezi hadi Nyanza-Lac: msizitupe picha hizo. Zipelekeni shuleni, zipelekeni kwenye mialo ya wavuvi, zipelekeni kwenye ofisi za mazingira. Na wakubwa wanaosimamia sheria ya maji, inayokataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani, wapande pia hadi milimani, wawasaidie wakulima kuchimba mitaro na kupanda majani ya kuzuia udongo kabla mvua za masika hazijaanza.