Maelezo ni Sehemu ya Tiba



Mama mjamzito wa hapa Ng'ambo atokapo kliniki huwa na kadi mkononi. Katika kadi hiyo umeandikwa uzito wake, shinikizo lake la damu, kiasi cha damu mwilini, na tarehe ya kurudi. Tukimwuliza maana ya maandishi hayo, aghalabu atajibu: "Wameniambia nirudi tarehe kumi na mbili." Kadi ni yake, mwili ni wake, mtoto ni wake, lakini maarifa yamebaki mezani kwa muuguzi. Jambo hili twalihesabu kuwa ni suala la haki, wala si la adabu peke yake.

Mji wetu unayajua maradhi tangu zamani. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Pamoja na pembe, vitambaa na watumwa, njia ile ilipitisha pia ndui na kuhara damu. Nyakati hizo za misafara alifika bara Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa na kuuzwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta. Aliingia Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawahudumia wagonjwa wa huko hata alipofariki mwaka 1956. Yule aliyewahi kuhesabiwa kuwa bidhaa alikuwa mganga wa watu. Elimu ya tiba hupewa mtu kwa ajili ya wengine.

Taifa letu nalo liliwahi kulielewa jambo hili. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakakata shauri wao wenyewe: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Hawakuamriwa tu, walielezwa kwanza sababu. Mtu aliyeelewa sababu hahitaji askari wa kumsimamia.

Leo tuko wapi? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015-16. Tunawashukuru wauguzi na wakunga waliokesha kwa ajili ya hayo. Lakini utafiti huo huo uliukuta mkoa wetu ukiongoza kwa malaria: kati ya kila watoto wadogo 100 waliopimwa Tabora, 23 walikuwa na malaria, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 8.

Hapa ndipo maelezo yanapookoa maisha. Mjamzito hupewa kliniki vidonge vya SP ili kumkinga na malaria, hata kama haumwi. Asipoelezwa, atasema moyoni, "Mimi ni mzima, vya nini?" naye atavitupa njiani. Akielezwa kwamba vimelea vya malaria hujificha katika kondo la nyuma na kumpunguzia mtoto chakula, hata akazaliwa na uzito mdogo, atavimeza kwa hiari yake. Hali kadhalika, mama asiyejua kwamba kuumwa sana kichwa, kuona ukungu na kuvimba uso huweza kuwa dalili za kifafa cha mimba, atalala akingoja kupambazuke. Na damu inayomwagika baada ya kujifungua haingoji asubuhi. Huweza kuua kwa muda wa saa mbili.

Wapo akina mama wanaosema kwamba waliuliza, wakajibiwa kwa ukali: "Wewe ndiye daktari?" Wengine walikaripiwa kwa kukosa glavu na wembe, ingawa uchangiaji wa gharama ulipoanzishwa mwaka 1993 katika hospitali za serikali, wajawazito walisamehewa malipo. Mama aliyeaibishwa mara moja hujifungulia nyumbani mara ya pili. Hata hivyo, haki haina upande mmoja. Muuguzi aliyeachwa peke yake usiku na wazazi wengi, glavu zikiwa zimekwisha, naye amedhulumiwa. Yafaa tumdai kauli njema, na papo hapo tumdai mwajiri wake wenzake wa zamu na vifaa.

Tunawafikiria pia wanafunzi wa uuguzi. Darasani hufundishwa kumsikiliza mgonjwa, lakini wodini hujifunza kwa macho. Wakimwona mkubwa wao akikemea, watakemea miaka thelathini. Wakimwona akieleza, wataeleza.

Wala mama hafiki kliniki akiwa mtupu. Yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba mtoto amebadilika kunyonya au kulia. Bibi zetu wanajua kumtunza mzazi na kumtia moyo. Lakini zipo dawa za miti shamba za kuongeza uchungu ambazo huweza kupasua mji wa mimba. Muuguzi anayeuliza kwa upole ataambiwa kilichonywewa. Anayekaripia atafichwa, na siri hiyo huweza kuua.

Basi tufanye nini? Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zimwalike muuguzi muumini walau mara moja kwa mwezi, na kila mama aje na kadi yake asomewe mpaka aielewe. Waume na mama wakwe wawepo, kwa maana mara nyingi wao ndio wanaoamua saa ya kuondoka nyumbani. Na jumuiya ijue mapema ni gari la nani litakaloitwa usiku. Viongozi walei wahudhurie kamati za zahanati na vituo vya afya, waulize juu ya watumishi na vifaa, na majibu wayalete kwa watu. Nanyi wauguzi, kila mama asiondoke mbele yenu bila kuambiwa mambo matatu: mlichokiona, maana yake, na dalili za kumrudisha upesi kabla ya tarehe.

Mambo hayo matatu hayahitaji bajeti wala mfadhili. Huchukua dakika chache, na mama huenda nayo nyumbani, huko ambako hatari humkuta usiku wala hakuna muuguzi karibu.