Likasi: Mama wa gishe anaijua kazi, kwa nini shefu aletwe kutoka mbali?

Mwisho wa mwezi mjini Likasi unajulikana kwa foleni. Walimu, wauguzi, wastaafu na wachuuzi wa soko la Kikula wanasimama tangu asubuhi mbele ya mabenki na maduka ya kampuni za simu, kila mmoja na kadi yake ya uchaguzi mkononi. Ndani, nyuma ya kioo, mara nyingi anayewangoja ni mwanamke. Ndiye anayemweleza mwalimu kwa nini mshahara haujaonekana. Ndiye anayekataa noti ya dola iliyochanika kidogo pembeni na kutukanwa kwa ajili yake, ingawa kanuni ile si yeye aliyeitunga. Na mama akituma makuta ya hospitali kwa namba isiyo yake, ni kwake anakuja kulia.

Cheo cha shefu wa tawi kinapobaki wazi, mara nyingi shefu mpya anatumwa kutoka Lubumbashi, kilomita 120 hivi, ama kutoka Kinshasa. Kwa kawaida ni mwanamume. Hajui Shituru iko upande gani wala Panda iko upande gani. Wiki za kwanza anamwuliza mama wa gishe kila kitu: wateja gani wanakopa na kulipa, wanachuuzi gani wanaleta makuta mengi, siku gani mfuko unaishiwa franka. Mama anajibu, anaandika ripoti, shefu anatia sahihi. Miaka inapita hivyo, na mama anabaki pale pale nyuma ya kioo. Mwenendo huu unamwonea mfanyakazi, tena unaipotezea kampuni yenyewe makuta.

Kosa linaanzia katika kuiona kazi ya kupokea wateja kama kazi ya tabasamu. Wakubwa wanasema wanawake wanawekwa mbele kwa sababu ni wavumilivu. Uvumilivu ni kweli unahitajiwa, lakini hauwezi kumfundisha mtu mambo anayoyajua mama huyu. M-Pesa ilipofika Congo mwaka 2012, ilikuja na mifuko miwili katika simu moja, mmoja wa dola na mwingine wa franka. Nani aliyewaeleza wakaaji kwamba dola zao hazijapotea, ila wanaangalia mfuko mwingine? Si mhandisi aliyeko Kinshasa. Ni wasichana wa gishe na wa vibanda, mteja baada ya mteja. Wao ndio wanaosikia kwanza maneno ya tapeli mpya anayepiga simu akijifanya mtu wa kampuni. Wao ndio wanaojua kwamba bei mpya ya kutuma makuta imewakimbiza wateja, kabla hesabu hazijafika makao makuu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Halafu kuna jambo la lugha, ambalo halizungumzwi. Likasi ni mji wa Kiswahili. Mteja anaeleza shida yake kwa Kiswahili, lakini fomu, mkataba na barua ya malalamiko ni kwa Kifaransa. Katikati ya hizo lugha mbili ameketi mwanamke mmoja anayetafsiri siku nzima: riba, dhamana, muda wa kulipa, adhabu ya kuchelewa. Akikosea neno moja, mtu anaweza kutia sahihi deni asilolielewa na kupoteza kiwanja. Kazi hiyo nzito haiandikwi popote katika karatasi zake za kazi. Siku ya kutafuta shefu, anapimwa kwa barua yake ya Kifaransa na kwa diploma yake, wala hakuna anayeuliza ni wateja wangapi aliowaokoa na deni baya.

Mazoea haya yana mizizi. Likasi, ambayo iliitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ilijengwa kwa shaba, na shaba ilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Union Minière iliwafungulia wake wa wafanyakazi nyumba za mafunzo ili wajifunze kushona, kupika na kutunza watoto. Biro na kalamu vilibaki kwa waume. Gécamines iliyofuata mwaka 1967 iliurithi mji wenye fikira hizo. Kisha mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitolewa kazini katika mpango ulioitwa wa kujitolea, na katika nyumba nyingi ni mama aliyeanza kulisha watu kwa unga, mkaa, samaki wa chumvi na unite za simu. Wasichana waliokua wakimsaidia mama kuhesabu makuta mezani ndio hao hao wako gishe leo. Biashara walijifunza kabla ya kumaliza shule.

Sheria nayo ilichelewa. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa mkataba wa kazi atakayoifanya yeye mwenyewe. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo iliyobadili hilo: sasa mume na mke wanapaswa kupatana, kila mmoja kwa mwenzake. Mwaka mmoja kabla yake, sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ilikuwa imetaka usawa wa wanawake na wanaume, hata kazini. Mwanamke aliyeajiriwa mwaka 2010 aliingia kazini chini ya kanuni ya zamani. Wapo mashefu ambao bado wanaongoza kana kwamba ni mwaka ule.

Huko juu milango imeanza kufunguka. Mwaka 2021 Malangu Kabedi Mbuyi akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Benki Kuu ya Congo, na mwaka 2024 Judith Suminwa akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa nchi. Ni furaha, lakini mfano unaofundisha zaidi kwa jambo hili unatoka Kenya. Sylvia Mulinge alisomea sayansi ya chakula, akaingia Safaricom mwaka 2006 kwenye kazi ya bidhaa. Mwaka 2018 alikuwa ameteuliwa kuongoza Vodacom Tanzania, kibali cha kazi hakikupatikana, akarudi Nairobi akapewa uongozi wa mambo yote ya wateja. Wengine wangeona hapo ameshushwa njiani. Oktoba 2022 alitoka hapo kwenda kuwa mkurugenzi mkuu wa MTN Uganda. Ni kweli hakuanzia gishe, na hilo lisifichwe. Lakini kampuni mbili kubwa zilikubali kwamba mtu anayewajua wateja anaweza kuongoza biashara nzima.

Kinachokosekana Likasi ni ngazi ya katikati. Kati ya gishe na kiti cha shefu hakuna kitu: hakuna cheo cha msaidizi chenye mamlaka, hakuna mafunzo ya hesabu na mikopo kwa aliyeko kazini, hakuna tangazo la nafasi linalobandikwa ukutani mahali wote wanasoma. Nafasi inasikika kwa minong'ono, na kwa mwanamke minong'ono hiyo mara nyingine inakuja na sharti la chumbani. Sheria ya mwaka 2006 juu ya ukatili wa kingono inaadhibu usumbufu wa namna hiyo. Anayeushitaki, hata hivyo, anahesabu kwanza atakula nini mwezi ujao.

Wakubwa wana jibu lao: mwanamke ataolewa, atazaa, ataomba ruhusa. Kanuni ya Kazi inampa mzazi wiki 14. Shefu anayetumwa kutoka mbali anahitaji nyumba, gari na miezi ya kuujua mji, halafu anaomba kurudishwa Lubumbashi. Hesabu hiyo haifanywi kamwe.

Wateja pia wasijitoe. Mtu akikasirika anapiga kioo na kusema, "Niitie shefu." Mwanamke akitoka ofisini na kujibu, "Shefu ni miye," mteja anaangalia nyuma yake kutafuta mwanamume. Wanawake wenyewe wanafanya hivyo, labda zaidi ya wanaume.

Kampuni inayotaka kuanza haihitaji mradi mkubwa. Nafasi ya shefu itangazwe kwanza ndani ya tawi. Miaka ya gishe ihesabiwe kama miaka ya uzoefu wa uongozi, kwa maandishi. Na katika mtihani wa kumchagua shefu, liwekwe swali moja la Kiswahili: mwombaji amweleze mchuuzi wa Kikula mkopo wa miezi sita, riba yake na adhabu yake, mpaka mchuuzi aweze kuurudia kwa maneno yake mwenyewe. Atakayeshindwa hapo apewe miezi mitatu nyuma ya kioo, na mama wa gishe ndiye amfundishe, safari hii akilipwa kwa kufundisha.