Askari na Sigara: Amri Ianzie kwa Maafisa

Kwa miaka mingi sigara imehesabiwa kuwa sehemu ya maisha ya askari. Fikira hiyo haikuzuka yenyewe. Majeshi ndiyo yaliyoipanda. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Uingereza waligawiwa tumbako pamoja na chakula, na Marekani ikafanya vivyo hivyo mwaka 1918. Katika Vita Kuu ya Pili sigara zilitiwa ndani ya pakiti za chakula cha askari wa Marekani, na hazikuondolewa humo hadi mwaka 1975. Kwa hiyo swali linaloulizwa siku hizi, kama jeshi liwakataze askari wake tumbako, ni swali la jeshi kusahihisha mwenendo uliofundishwa na majeshi yenyewe.

Madhara yake hayana ubishi. Moshi wa sigara una kaboni monoksidi, hewa yenye sumu ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Askari avutaye huishiwa pumzi mapema, na jeraha lake huchelewa kupona. Usiku, ncha ya sigara inayowaka huonekana kutoka mbali na kumfichulia adui mahali walipo wenzake. Kuhusu ghala la risasi na mapipa ya petroli hatuna haja ya kueleza.

Hata hivyo wako wanaopinga marufuku. Wanasema kwamba mtu aliyekubali kuitolea nchi uhai wake hafai kunyimwa kitu kidogo cha kumliwaza. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 2009, wakati karibu theluthi moja ya askari wa Marekani walikuwa wakivuta, jopo la wataalamu wa tiba nchini humo lilishauri jeshi liondoe tumbako kabisa, hatua kwa hatua. Waziri wa Ulinzi, Robert Gates, hakukubali kuwanyima tumbako askari waliokuwa vitani. Lakini ilipofika mwisho wa mwaka 2010, jeshi la majini la nchi hiyo hiyo lilikataza uvutaji ndani ya nyambizi, kwa sababu wasiovuta walikuwa wakilazimika kupumua moshi wa wenzao. Katazo hilo lilikuwa na mpaka unaojulikana na sababu ambayo kila baharia aliweza kuielewa.

Kwa maoni yetu, marufuku ya ghafla kwa kila askari yangekuwa kosa. Tumbako humtawala mtu, na aliyevuta miaka 15 hawezi kuiacha kwa tangazo la gwaride. Atavuta nyuma ya vyoo, sajini atajifanya hakumwona, na mkuu wa kikosi atajua kwamba sajini amejifanya. Amri moja ikivunjwa hivyo kila siku, amri nyingine zote hupungua uzito. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya moshi.

Sisi tuliopitia shule ya kadeti twajua kwamba mwanafunzi hujifunza kwa mkufunzi mambo mawili: anayoyasema na anayoyatenda. Mkufunzi anayekemea sigara huku pakiti imetuna mfukoni mwa shati lake, somo linalobaki ni la mfukoni.

Hapa Uganda, Sheria ya Kudhibiti Tumbako ya mwaka 2015 inakataza uvutaji mahali pa kazi na kumwuzia tumbako mtu asiyetimiza miaka 21. Kijana wa miaka 18 aweza kuandikishwa jeshini na kukabidhiwa bunduki, lakini mwenye duka haruhusiwi kumwuzia sigara. Basi makuruti wengi huingia katika umri ambao taifa limekwisha kuamua kuulinda. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa hiyo marufuku yaanzie shule za maafisa na vyuo vya makuruti, na wakufunzi wawe wa kwanza kuyatii. Jopo lile la mwaka 2009 nalo lilishauri kuanzia huko. Askari wa zamani waliokwisha kuzoea wapelekwe kwa daktari wa kikosi kama wagonjwa wengine, wasipelekwe mahabusi. Maafisa wakitangulia kuacha, ndipo watakapokuwa na haki ya kumwamuru askari aache.