Asali juu ya herufi

Katika Injili ya Mtakatifu Luka twamwona Yezu, mtoto wa miaka 12, ameketi Hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Jambo hilo wana wa taifa lake hulitenda hata leo: hujifunza Torati kwa kuuliza.

Torati ndiyo vitabu vitano vya Musa. Humo wazazi wameamriwa kuwafundisha watoto wao maneno ya Mungu, nyumbani na njiani, asubuhi na jioni. Kazi hiyo Wayahudi hawakuwaachia makuhani peke yao, nayo iliwaokoa siku ya msiba. Mwaka 70 Waroma waliuteka mji wa Yeruzalemu, wakaliteketeza Hekalu, na sadaka zikakoma. Mapokeo yao husimulia kwamba mwalimu Yohanani bin Zakai alitolewa mjini ndani ya jeneza, kana kwamba ni maiti. Alipofika mbele ya jemadari Vespasiano, hakuomba fedha wala ngome. Aliomba mji mdogo wa Yavne pamoja na walimu wake. Hekalu likawa majivu, lakini masomo yakaendelea. Karibu na mwaka 200 mafundisho yaliyopokewa kwa mdomo yalipangwa katika Mishna. Baadaye majadiliano juu yake yakakusanywa katika Talmudi.

Desturi yao ni kusoma wawili wawili. Mmoja husoma kwa sauti na kueleza. Mwenzake humpinga na kumdai ushahidi. Hawagombani, bali wasaidiana kuitafuta kweli. Zamani, kwa Wayahudi wa Ujerumani, mtoto aliyeanza masomo alipakiwa asali juu ya herufi, akairamba, apate kujua kwamba neno la Mungu ni tamu.

Yatupasa kutaja pia jambo la aibu. Mwaka 1242, huko Paris, Wakristu walichoma hadharani magari mazima ya vitabu vya Talmudi, vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono. Walidhani kwamba moto hulinda imani. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitukumbusha urithi mkubwa tulio nao pamoja na Wayahudi, ukatuhimiza tufahamiane na kuheshimiana, hasa kwa kujifunza Maandiko Matakatifu.

Vitabu viliungua, masomo hayakufa. Mwaka 1923 Rabi Meir Shapiro aliwashauri Wayahudi wa nchi zote wasome kila siku karatasi moja ya Talmudi, pande zote mbili, ile ile kila mahali. Safari hiyo huchukua miaka 7 na nusu. Ya 14 ilianza Januari 2020. Wakimaliza, huanza tena.

Basi, enyi baba na mama, sisi tunalo Agano la Kale na Jipya, lakini je, kitabu hicho hufunguliwa nyumbani mwetu? Katekista hawezi kuifanya peke yake kazi ya wazazi. Mtoto akiuliza kwa nini Mungu aliruhusu jambo fulani, tusimwambie: «Nyamaza!» Swali lake si utovu wa adabu. Tukikosa jibu, tufungue Biblia baada ya chakula cha jioni, tulitafute pamoja naye. Mtoto aliyenyamazishwa nyumbani ataenda kuuliza barabarani, na huko wenye kumjibu hawakosekani.